Nyota ya Chuma Yenye Jina

Mume wangu Fabiano alikata jina la mwanetu kwenye chuma, akalipeleka kanisani na kulitundika mahali ambapo kila mwenye macho angelisoma. Hakuniuliza. Nililikuta mwenyewe siku moja kabla ya Krismasi, nimesimama juu ya benchi na wanawake wenzangu wa jumuiya, tunapamba mti, mikono imejaa maua ya karatasi. Nyota zilikuwa nyingi, zinang'aa, kila moja na jina la mtoto. Nikazisoma moja moja kwa furaha mpaka nilipofika kwenye ANSELM. Nikashuka kwenye benchi kabla sijaanguka.

Niseme mapema ili usinicheke bure. Mimi nimezaliwa Sepuka na kuolewa huku Manyoni, na kabla ya huyu mtoto nilikuwa nimeshazika wawili kwao mume wangu, Kilimatinde. Huyu wa tatu alizaliwa hanyonyi, hata kulia analia kwa kuazima. Sista wa zamu akambatiza palepale wodini kwa maji ya kikombe, akamwita Anselm. Waliolisikia jina hilo ni sista, mimi, Fabiano na mama mkwe wangu, Bibi Luciana, aliyekuwa ametoka Kilimatinde asubuhi ile bila hata kunywa chai.

Tulipomrudisha mtoto nyumbani, Bibi Luciana hakumpeleka ndani. Alimlaza kwenye ungo, akazunguka naye nyuma ya nyumba, akamweka jalalani, juu ya majivu na maganda ya karanga, kisha akaondoka bila kugeuka. Jirani yangu Magreth, ambaye Bibi Luciana alikuwa ameshapatana naye, akapita pale kama mtu aendaye zake, akasema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "Jamani, nani katupa takataka hizi?" Akamwokota, akaniletea mlangoni. Nami nikampokea kama kitu cha kuokotwa. Ndivyo wanavyofanya kwenye ukoo wa mume wangu kwa mtoto anayefuata makaburi, maana kifo hakihangaiki na kilichokwisha kutupwa. Tangu siku ile mtoto anaitwa Jalala.

"Lile jina la sista likae kimya," Bibi Luciana alituambia. "Mpaka mtoto aanze shule. Wanaomsubiri wasijue kama humu ndani kuna Anselm."

Nikakubali kwa moyo wote. Mimi ni Mkristo, rozari yangu naisali, na yale mambo ya jalala nayaogopa vilevile. Moyoni mwangu havigombani. Aliyezika wawili hachagui dawa.

Na Jalala akakua. Alikuwa na miaka minne sasa, mweusi, mnene, mkorofi, anakula kila kinachotafunika. Watu waliniita Mama Jalala sokoni na sikuona haya hata kidogo. Aliyeona haya ni baba yake.

Fabiano alikuwa fundi kwenye karakana ya kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti. Zamani kilikuwa kiwanda cha serikali, watu wengi, kazi kidogo. Ulipokuja ubinafsishaji kikanunuliwa na mwekezaji, akapunguza wafanyakazi zaidi ya nusu, akawabakiza wachache wenye mikono myepesi. Fabiano alibaki kwa sababu alikuwa anajua kuchora herufi. Mabango mengi ya maduka hapa Manyoni ni kazi yake. Mwekezaji alileta mashine kuukuu ya kukata chuma, ya kutengenezea vipuri vya mashine za alizeti. Mashine hiyo haikati kwa msumeno wala kwa moto. Inakata kwa maji.

Nilipoambiwa nilicheka. Maji? Sisi wa Singida, maji tunayoyatafuta kwa punda, leo yakate chuma? Fabiano akanipeleka nikaone, na kicheko kikanikauka. Pampu inayasukuma maji kwa nguvu isiyosemeka, yanapita kwenye bomba jembamba la chuma, yanachanganyika na mchanga mwekundu, yanatokea kwenye mdomo mdogo kama tundu la sindano. Kuna jicho la mashine linalofuata mstari uliochorwa kwa wino kwenye karatasi, na mdomo unafuata jicho. Chuma kinene kama ubao wa mlango kinakatika huku kikilia kama nguruwe anayechinjwa. Tangu siku ile mashine ile niliiogopa, nikawa namwombea Fabiano kila anapotoka.

Yeye mwenyewe alikuwa anaiheshimu. Aliniambia kinachotisha zaidi si ule mdomo, maana huo unauona. Kinachotisha ni bomba likivuja kwenye kiungo. Maji yanatoka membamba kuliko uzi, huyaoni, na ukipitisha mkono hapo vidole vinabaki. Kwa hiyo sheria yao ilikuwa hii: kila wakiwasha pampu, kabla mtu hajapita kando ya bomba, fundi anapitisha ubao mwembamba kwenye viungo vyote. Ubao ukikatika, hapo pana maji.

Mwaka huo maduka ya mjini yalikuwa yamejaa mapambo ya plastiki kutoka Dubai, yanawaka kama macho ya paka, na wanawake wa jumuiya walikuwa wanayatamani. Deo, msimamizi wa karakana, akamwomba mwekezaji mabaki ya chuma cha pua, kile kisichoshika kutu. Wakakubaliana kwamba kila fundi mwenye mtoto amkatie nyota yenye jina lake, ziende kwenye mti wa kanisa. Wazo zuri, hata mimi nililisifu. Nikajua kwetu itakatwa nyota yenye Jalala.

Kumbe mwenzangu alikuwa na yake.

Basi nimeshuka kwenye benchi, nimesimama pale chini ya mti. Magreth akaigeuza ile nyota kwa kidole.

"Huyu Anselm ni wa nani?" akauliza. "Mbona simjui?"

"Anselm?" mwingine akadakia. "Labda wa wale wa reli waliohamia juzi."

"Anselm," akarudia wa tatu, ili mradi tu na yeye aseme.

Kila walipolitaja nilihisi kama mtu anabisha hodi nyumbani kwangu nami sipo. Nikawaambia uongo, kwamba nyota ile imekosewa na Fabiano anaitaka. Nikaikata uzi, nikaificha chini ya kitenge, nikatoka nje kumtafuta mtoto.

Nilimkuta nyuma ya kanisa na watoto wenzake, ameinama, anatapika.

Sijui nilipiga kelele gani. Najua tu Magreth alikuja mbio akidhani nimeumwa na nyoka. Akamwangalia mtoto, akaangalia yaliyotoka.

"Ni maembe mabichi, Mama Jalala," akasema. "Angalia mwenyewe. Wamekula hawa, wote."

Sikutaka kusikia habari za maembe. Watoto wote walikula, mbona aliyetapika ni wangu peke yake? Nilimshika paji la uso, nikaona lina moto. Jua la Desemba la Manyoni linachoma hata mawe, lakini hilo nalo sikutaka kulisikia. Nikamtupa mgongoni, nikamfunga kwa kitenge, nikaanza kukata njia kwenda kiwandani, ile nyota inanichoma ubavu. Magreth alitaka nimwachie mtoto. Nilimwona mjinga. Jina limeshasikika, halafu mtoto nimwache?

Njiani nikawa nasema naye ili nijue yupo.

"Jalala."

Nikamtikisa kidogo.

"Jalala, baba, unaumwa wapi?"

"Mimi sio Jalala," akasema mgongoni.

Nikasimama katikati ya barabara.

"Umesemaje?"

"Baba alinionyesha nyota. Alisema ile ni mimi. Mimi ni An..."

Nikapeleka mkono nyuma, nikamziba mdomo kabla hajamaliza. Akalia. Nami nikalia, natembea huku nalia, na watu wananipisha njia wakidhani nina msiba. Wala hawakuwa mbali na mawazo yangu. Nilikuwa nayajua yale mambo hatua kwa hatua: kwanza anatapika, halafu macho yanalegea, halafu watu wanaanza kuingia uani polepole na kukaa chini.

Kiwandani walikuwa wanafunga kazi ya mwaka. Deo na wenzake walikuwa uani wananawa mikono, wanacheka. Fabiano alikuwa ndani ya karakana peke yake, anafagia. Nilipoingia akaniona uso, akaangusha ufagio.

"Mtoto ana nini?"

Nikaitoa nyota, nikaitupa juu ya meza ya mashine. Ililia kwa sauti kubwa.

"Mimi ndiye nikuulize wewe, Baba Jalala. Hii ni nini?"

Akainamisha kichwa. Mtu mzima, amenizidi urefu, anachezea vidole.

"Selina, wenzangu walikuwa wanachora majina ya maana. Deo kachora Cecilia. Mimi nichore Jalala? Nitundike jalala kwenye mti wa Yesu?"

"Ndiyo!"

"Tena Jalala ina A tatu," akasema, kama vile hilo lingenituliza. "Kila A ina tumbo. Usipoiachia kishikizo, tumbo linadondoka, herufi inaharibika. Anselm ina A moja tu."

"Kwa hiyo uliona heri umtaje mwanangu kuliko kukata matumbo matatu!"

"Nilitaka siku moja tu aitwe kama mtu," akasema kwa sauti ndogo. "Siku ya Krismasi tu. Nilijua hakuna atakayemjua."

Angekuwa na ubishi ningempiga. Lakini alisema kwa huzuni, nami hasira ikaondoka, nikabaki na woga mtupu, tena woga bila hasira ni mzito zaidi kuubeba. Nikamwambia mtoto ametapika. Nikamwambia ana moto. Akaja kumgusa, akasema mbona mwili wa kawaida tu, nikamwambia hata wale wengine ulisema hivyohivyo. Hapo akaondoa mkono. Nilijua nimemuumiza, na sikuweza kujizuia.

"Lifute," nikasema. "Jina lifutike sasa hivi."

"Hili halifutiki, Selina. Nyundo italipinda tu, litabaki linasomeka. Labda nipitishe mashine, nilitoe lote katikati."

"Washa."

"Pampu tumeshaipumzisha. Lazima nianze kupima..."

"Fabiano, washa!"

Akawasha.

Mtoto nilikuwa nimemteremsha, nimemkalisha juu ya ndoo iliyofudikizwa karibu na mlango, nikamwambia asinyanyuke. Nikaenda upande wa pili wa meza kumshikia Fabiano karatasi yenye mchoro wa ile nyota. Alikuwa anachora mstari wa wino kuzunguka jina kwa mkono ule unaochora mabango bila rula. Pampu ikaanza kunguruma. Mdomo wa mashine ulikuwa bado umefungwa, kwa hiyo sauti ilikuwa ya pampu peke yake, ile ya chini inayoingia kwenye meno. Fabiano akaegemea meza na kuendelea kuchora. Ule ubao mwembamba ulikuwa umening'inia kwenye msumari wake. Hakuuchukua, kwa sababu nilikuwa nimesimama juu ya kichwa chake namwambia fanya haraka.

Nikainua macho kumtazama mtoto. Juu ya ndoo hapakuwa na mtu.

Alikuwa ameuona ukuta wa upande wa pampu, ambako vile vipande vidogo vilivyodondoka kutoka kwenye nyota za watoto vilikuwa vimefagiliwa, vinametameta. Alikuwa anavifuata kwa kichochoro chembamba, kati ya ukuta na bomba. Bomba lilipita pale kwa kimo chake. Mbele yake kidogo kulikuwa na gunia la ule mchanga mwekundu, limeegemezwa ukutani.

Nikaona gunia linachanika. Hakuna aliyeligusa. Lilifunguka tumboni, polepole, mstari mmoja ulionyooka, na mchanga ukaanza kumwagika chini. Kati ya bomba na gunia sikuona kitu chochote. Hewa tu.

Nami nikajua ni nini.

"Jalala!"

Alisikia. Niliona bega lake likicheza, vile afanyavyo akinuna. Hakugeuka. Akapiga hatua nyingine.

"Jalala, simama! Jalala!"

Fabiano alikuwa ameshaacha kalamu, anakimbilia swichi, na swichi ilikuwa mwisho wa chumba. Mimi nilikuwa na meza nzima kati yangu na mwanangu. Mchanga unamwagika. Mtoto akatabasamu, alikuwa anaona mchanga mzuri unashuka wenyewe, akanyoosha mkono.

Nikavuta pumzi na kulitoa lile jina kwa nguvu zangu zote, mlango uko wazi, wanaume wako uani, na yeyote mwingine anayesikiliza asikilize.

"Anselm!"

Akasimama.

Akageuka akanitazama, mkono bado umenyooshwa nyuma yake, uso umeshangaa. Kisha akaitika kama nilivyomfundisha kuitikia wakubwa.

"Naam, mama."

"Usisogee. Baba yangu, usisogee hata kidogo."

Hakusogea. Pampu ikashuka sauti, ikakohoa, ikazima. Nikazunguka meza, sijui kwa miguu au kwa magoti, nikamvuta kutoka kwenye kile kichochoro. Nikamkagua vidole vyote, mikono, shingo, nyuma ya masikio. Alikuwa mzima. Alikuwa ananuka maembe.

Deo na wenzake walikuwa wameshaingia mbio. Deo akaliona gunia, akaliangalia bomba, akaweka kidole kwenye kiungo kilicholegea, kisha akamtazama mtoto na kupima kwa macho. Kiungo kilikuwa sawasawa na koo lake. Deo akavua kofia, akajifuta uso nayo, akamgeukia Fabiano.

"Hukupitisha ubao?"

Fabiano alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye ukuta, amefunika uso.

"Shemeji," Deo akaniambia taratibu, "huyu si Jalala? Anselm ndiyo nani?"

"Mimi," akasema mtoto.

Wote wakacheka kidogo, kicheko cha watu walioponea chupuchupu. Mimi sikucheka. Jina lilikuwa nje sasa, nje kabisa, tena si kwa nyota. Nililitoa kwa kinywa changu mwenyewe, kwa sauti ambayo hata Kilimatinde kule juu wangeweza kuisikia. Nilingoja kitu kitokee. Nilimtazama mtoto machoni kuona kama yanalegea. Nilimwekea sikio kifuani, nikasikia moyo unapiga haraka, nikajiuliza kama ni haraka ya mtoto au ni haraka ile nyingine.

Na hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa sijawahi kumwita. Miaka minne nimemnyonyesha, nimemwogesha, nimemchapa, nimemwimbia, lakini kwa jina lake nilikuwa sijawahi kumwita hata mara moja. Wale wawili niliwaita. Niliwaita mpaka sauti ikakauka, kila mmoja kwa jina lake, wanawake wamenishika mikono, na hakuna aliyeitika.

"Anselm," nikasema.

"Naam."

"Anselm."

"Naam, mama."

Akaanza kuona ni mchezo. Alikuwa anatabasamu, anangoja niseme tena.

"Selina, basi," Fabiano akasema kutoka pale chini. "Mtoto yupo. Twende nyumbani."

Nilimsikia. Nilijua mtoto yupo, nilikuwa nimemshika kwa mikono yangu miwili. Lakini nilikuwa naogopa kunyamaza, naogopa ile nafasi kati ya kumwita na kuitika, kila mara naiona ndefu kuliko iliyopita. Wanaume wakaanza kutoka mmoja mmoja, kofia mikononi, na mimi nikamwita tena.